Picha za Bure na Picha Huru: Historia ya Picha za Misheni na Majina ya Waliomo

Mwalimu wa shule ya Jumapili atakaye picha ya mchungaji na kondoo wake, au mwinjilisti atakaye picha ya kanisa la zamani la mlimani Kilimanjaro ili aitie katika kijitabu chake, siku hizi haendi dukani. Huitafuta katika intaneti, akaipata kwa muda wa dakika chache, wala haimgharimu hata senti moja. Kwa sababu hii wengi hudhani kwamba picha za bure kwa kazi ya dini ni jambo jipya. Sivyo. Tangu mwanzo picha ya misheni haikuuzwa kwa yule aliyekusudiwa kuitazama. Ililipiwa na mtu mwingine, ikaazimwa, ikanakiliwa, ikapita katika mikono mingi kabla ya kufika ukutani mwa ukumbi wa parokia. Jambo linalostahili kuchunguzwa, basi, si bei ya picha hizo, bali ni njia zilimopita na vitu vilivyodondoka njiani. Kikubwa miongoni mwa vitu hivyo ni majina ya watu.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Neno la kale la Kiswahili kwa kila kitu kifananacho na kiumbe ni *sanamu*, na asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mungu wa kuchongwa. Katika kamusi za zamani, na hata katika ile ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939, sanamu ni kinyago, ni mfano, tena ni picha. Neno *picha* liliingia kutoka Kiingereza, likaichukua sehemu ya karatasi na kuiachia sanamu sehemu ya mti na jiwe. Mgawanyo huu uliwafaa sana wamisionari, kwa kuwa sanamu ndilo neno walilokwisha kulitumia katika Biblia kwa vitu vilivyokatazwa katika Amri Kumi. Mhubiri asingeweza kusimama Jumapili kulaani sanamu, kisha Jumatatu akawaita watu waje kuzitazama. Ama Kiarabu chenyewe kina neno jingine kwa picha, nalo ni lile lililotupa *sura*, yaani uso wa mtu na umbo lake. (Sura ya kitabu ni neno jingine kabisa, ingawa Kiswahili kimeyafanya yote mawili kuwa na sauti moja.)

Kitenzi nacho kina habari yake. Twasema *kupiga picha* kama tusemavyo kupiga pasi na kupiga chapa, na mtu angetazamia kwamba mpigaji ni yule mwenye kamera peke yake. Lakini matumizi ya kila siku hayako hivyo. Kijana aliyevaa nguo za sikukuu na kwenda kwa mpiga picha wa mjini hurudi akisema, "Nimepiga picha," naye hakuishika kamera hata kidogo. Kiswahili chamhesabu aliyekaa mbele ya kamera kuwa naye ni mtenda. Taratibu za misheni, kama itakavyoonekana, mara nyingi hazikumhesabu hivyo.

Picha ilitangulia kamera katika safari za misheni. Daktari David Livingstone, alipokuwa akivuka bara kutoka kusini kuelekea Luanda, alichukua taa ya kuonyeshea picha za vioo, na mwezi wa Januari 1854 aliwasha taa hiyo mbele ya Shinte, mtawala wa Walunda, na watu wa baraza lake, katika nchi ambayo leo ni upande wa kaskazini-magharibi wa Zambia. Picha ya kwanza ilikuwa ya Ibrahimu akiuinua mkono ili amchinje Isaka. Habari hii imo katika kitabu cha safari zake kilichotolewa mwaka 1857. Wanawake walisikiliza maelezo kwa utulivu, lakini kioo kilipovutwa ili kiondolewe, walikiona kisu kinawaelekea wao, wakapiga kelele za kuwaita mama zao, wakakimbia na kuangukiana, wakaviparamia vijumba vya miungu yao na miche ya tumbaku, wala hakuna aliyekubali kurudi. Shinte alibaki hata mwisho, kisha akakichunguza chombo chenyewe. Livingstone asema kwamba hii ndiyo njia pekee ya kufundisha ambayo aliombwa na watu airudie. Tangu siku hizo taa ilihesabiwa kuwa sehemu ya mizigo ya misheni.

Kamera ilikuja nyuma kidogo. Ufundi wa Daguerre ulitangazwa Paris mwaka 1839, na katika safari ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858 Charles Livingstone, nduguye David, alipewa kazi ya kupiga picha. John Kirk, aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Unguja, naye alipiga zake. Mwaka 1860 James Grant alipiga picha Unguja kabla ya kwenda bara pamoja na Speke. Kazi ilikuwa ngumu: kioo kilipakwa dawa, kikaingizwa katika kamera kikiwa kibichi, kikasafishwa papo hapo kabla hakijakauka. Ni baada ya vioo vikavu kuenea, na hasa baada ya Kodak ya George Eastman kutoka mwaka 1888, ndipo padre wa kawaida alipoweza kuwa mpiga picha bila ya kuwa mtaalamu wa dawa.

Lakini isifikiriwe kwamba kila picha iliyo katika albamu za misheni ilipigwa na mmisionari. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 palikuwapo Unguja wapiga picha wenye maduka, wengi wao Wagoa, mathalan A. C. Gomes na ndugu Coutinho. Wasafiri, maafisa na watu wa misheni walinunua picha zao, wakazibandika katika albamu pamoja na zile walizozipiga wenyewe, na mara nyingi jina la duka halikuandikwa. Hapa ndipo pa kwanza ambapo jina lilidondoka, na lilikuwa la mwenye kamera.

Mwaka 1874 ulitoa mfano wa namna nyingine. Mwili wa Livingstone ulipopelekwa Uingereza kuzikwa, Jacob Wainwright alifuatana nao, na picha yake akiwa karibu na jeneza imehifadhiwa. Baadaye Abdallah Susi na James Chuma waliitwa huko nao, wakapigwa picha pamoja na jamaa na rafiki za marehemu. Majina yao yaliandikwa, na hata leo mtu ayatafutaye huyapata. Sababu ni dhahiri: Waingereza waliwahitaji kwa ajili ya habari za siku za mwisho za mtu wao mkuu. Wapagazi wengine waliobeba mwili ule kutoka kwa Chitambo hata Bagamoyo, ambao walikuwa makumi, hawakuhitajiwa, wala hawakuitwa mbele ya kamera.

Kazi ya kugawa picha ilipangwa vizuri sana kuliko kazi ya kuzieleza. Chama cha Universities' Mission kilianza kutoa gazeti lake, *Central Africa*, mwaka 1883, na habari za Kiungani, Mbweni, Magila na Masasi zikasomwa katika nyumba za mapadre wa Uingereza. Watu wa huko waliweza kutoa fedha kwa ajili ya chakula na masomo ya mtoto mmoja aliyeokolewa katika utumwa, na katika shughuli ya namna hiyo picha ilikuwa na kazi yake. Chama cha Church Missionary Society kilikuwa na idara nzima ya kuazimisha vitu: vioo vya taa, ramani, na vyombo kutoka nchi za mbali. Padre wa kijiji aliandika barua, sanduku la vioo likaja kwa treni pamoja na karatasi ya maneno ya kusoma, akaonyesha Ijumaa jioni, akalirudisha. Alichotakiwa kulipa kilikuwa kidogo. Fedha halisi ilikusanywa katika kapu mlangoni, watu walipokuwa wakitoka.

Karatasi ile ya maneno ndiyo inayopasa kutazamwa na mwana-lugha. Picha ilipotoka Afrika iliandikwa nyuma na aliyeipiga, na pengine huyo alimjua vema aliyemo, alimfundisha au kumbatiza. Ilipofika ofisini Ulaya iliandikwa upya kwa ajili ya wasikilizaji ambao jina lisilotamkika lisingewafaa kitu. Yohana fulani wa mahali fulani akawa mwalimu mwenyeji. Mkewe akawa mwanamke Mkristo. Kioo kilipoazimwa mara ya mia, aina ya mtu ndiyo iliyobaki, na mtu mwenyewe ametoweka. Hapana haja ya kudhani kwamba palikuwa na nia mbaya. Ni desturi ya kila ghala: kitu kitumikacho mahali pengi hupewa jina la jumla.

Kwamba desturi hiyo haikuwa ya lazima yathibitishwa na wanawake wawili. Anna Wuhrmann, mwalimu wa Misheni ya Basel aliyekuwako Fumban katika Kamerun tangu 1911 hata 1915, na tena baada ya vita, aliwapiga Wabamum picha za nyuso, mmoja mmoja, akayaandika majina yao. Wa pili ni Alice Seeley Harris, Mwingereza wa Congo Balolo Mission. Tarehe 14 Mei 1904, huko Baringa katika Kongo ya Mfalme Leopold, alikuja mtu jina lake Nsala, mwenyeji wa Wala, akiwa amechukua mkono na mguu wa binti yake Boali, aliyeuawa na askari wa kampuni ya mpira. Bibi Harris alimketisha barazani akapiga picha. Picha hiyo na nyingine za namna yake ziligeuzwa vioo, naye pamoja na mumewe John wakazizungusha katika Uingereza na Marekani, kwa njia zile zile za kuazimana zilizotumiwa na misheni kuonyesha makanisa mapya. Mwaka 1905 Mark Twain alitoa kijitabu ambamo Mfalme anailaani kamera kuwa shahidi pekee asiyeweza kuhongwa. Mwaka 1908 Leopold aliitoa Kongo mikononi mwake, ikawa koloni la Ubelgiji. Nguvu ya picha ya Baringa ilikuwa katika jina. Bila ya Nsala na Boali ingekuwa picha ya mtu na vitu viwili sakafuni, na mawakili wa Mfalme wangeieleza wapendavyo.

Mfano wa kinyume chake, tena wa ajabu, watoka Yerusalemu, nao wahusu moja kwa moja picha ambazo walimu wa Biblia wa leo huzitumia kuliko nyingi nyingine. Mwaka 1881 Horatio na Anna Spafford wa Chicago walihamia mji huo pamoja na wenzao wachache, wakaishi kwa ujamaa. Mwaka 1896 Waswidi wakajiunga nao, wengi wao kutoka kijiji cha Nås. Kaisari Wilhelm wa Pili alipoitembelea nchi ile mwaka 1898 walipiga picha za safari yake, wakaanzisha duka la picha lililowapatia riziki kwa muda wa miaka mingi. Walipiga picha za nzige wa mwaka 1915, za vita, za sherehe za dini zote tatu. Lakini wanunuzi wao wakubwa walikuwa watalii na wahubiri, ambao walitaka kuiona Biblia. Basi wenyeji wa Bethlehemu na viunga vyake waliombwa wavune shayiri mbele ya kamera, na picha zao zikauzwa kuwa hadithi ya Ruthu: huyu Boazi, huyu Naomi, hawa wavunaji. Mchungaji mwingine akawa mchungaji wa Zaburi ya 23. Watu hao hawakunyimwa jina, walipewa jingine. Mkulima wa Kipalestina wa zamani za Waingereza alifanywa mtu wa zamani za Waamuzi, na ataendelea kuwa hivyo katika kila somo litakaloitumia picha yake.

Mmoja wa Waswidi waliokuja wangali watoto, Eric Matson, alilichukua duka hilo pamoja na mkewe Edith, akalihamishia Marekani mwaka 1946, na mwaka 1966 akaanza kukabidhi vioo vyake kwa Library of Congress huko Washington. Idadi yake yapita 20,000. Maktaba hiyo imeviweka wazi, nayo yaeleza kwamba haijui kizuizi chochote cha kuvichapa. Wasomaji wa Afrika ya Mashariki wana sababu ya kuvichungulia, kwa maana mwaka 1936 Matson alisafiri huku, na picha za Unguja, Kenya na Uganda zimo katika hazina hiyo hiyo pamoja na Ruthu na Boazi. Mwenye kutaka picha ya mtaa wa Unguja wa wakati ule hana haja ya kumwomba mtu.

Sasa twafika katika neno *bure*. Hapa Kiswahili kina faida ambayo Kiingereza hakina. Lugha ile hutumia neno moja kwa kitu kisicho na bei na kwa kitu kisicho na mfungo, na watetezi wa kazi zilizo wazi wamechoka kueleza tofauti yake. Sisi tuna *bure* na tuna *huru*. Picha ya bure ni ile isiyolipiwa. Picha huru ni ile ambayo mtu anayo ruhusa ya kuinakili, kuikata na kuichapa. Nyingi zilizo bure si huru: zaonekana katika intaneti bila malipo, lakini haki yake yangali mikononi mwa mtu. Tena bure yetu ina maana ya pili, ya jambo lisilo na faida, kama katika kazi bure. Mfasiri wa leseni hizi anayeandika bure kila mahali huwapotosha wasomaji wake mara mbili.

Sheria haikuyarahisisha mambo. Mkataba wa Berne ulianza mwaka 1886, Kenya ina sheria yake ya hakimiliki ya 2001, Tanzania Bara ya 1999, na muda wa kulindwa hautofautiani kwa nchi tu bali hata kwa aina ya picha. Chukua mfano wa mmisionari wa Kijerumani aliyepiga picha mwaka 1910, ikachapwa mwaka uliofuata katika gazeti la chama chake, naye akafariki mwaka 1966. Nchini Marekani picha hiyo ni mali ya umma zamani sana. Ujerumani, ikiwa yahesabiwa kuwa kazi ya sanaa, yalindwa hata mwisho wa 2036. Mchapaji wa Moshi anayeichukua kutoka katika tovuti ya Kimarekani ameambiwa kweli, lakini si kweli yote.

Leseni za Creative Commons, zilizotoka mara ya kwanza mwaka 2002, zilikusudiwa kuondoa matatizo ya namna hii kwa picha mpya, na kwa sehemu kubwa zimefaulu. Katika Wikimedia Commons, iliyofunguliwa mwaka 2004, mtu hupata picha nyingi za makanisa yetu pamoja na sharti lake limeandikwa. Lakini sharti lenyewe ni lipi? Ni kumtaja aliyepiga. Kuhusu aliyemo, leseni haisemi neno. Unsplash, iliyoanza mwaka 2013 na kupendwa sana na watengenezaji wa matangazo ya ibada, haimlazimishi mtu kumtaja hata mpiga picha. Hatari ya jambo hili si ya kubuniwa. Mwaka 2007 picha ya msichana mmoja wa Marekani, iliyopigwa katika shughuli ya vijana wa kanisa lake na kuwekwa katika intaneti kwa leseni huru, ilikutwa katika tangazo la kampuni ya simu huko Australia. Leseni ilikuwa halali. Jamaa zake walishtaki, na shauri likafutwa kwa kuwa mahakama ya Texas haikuwa na mamlaka juu ya kampuni ile. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwenye mawakili, mtoto wa Kondoa au wa Kitui anayetabasamu katika kijitabu cha kuchangisha fedha ana nafasi ndogo zaidi. Vijitabu hivyo vyafuata karatasi ile ya taa hatua kwa hatua: vina mtoto, wala havina jina la mtoto.

Ama picha za zamani za nchi hii, hali yake imekuwa njema kuliko ilivyotazamiwa. Misheni ya Leipzig, iliyoanza kazi Machame mwaka 1893, na Wamoravian wa Herrnhut, waliofika Rungwe mwaka 1891, walitunza vioo vyao katika vita viwili, na pamoja na vyama vingine vya Ulaya na Marekani wamevitoa viwekwe katika hifadhi ya picha za misheni ya University of Southern California. Makumi ya maelfu ya picha yamo humo, na mtu yeyote aweza kuyatazama. Maelezo yake, hata hivyo, yamefuata yale yaliyoandikwa zamani ofisini, kwa Kijerumani, na kutiwa Kiingereza. Mengi hutaja mahali, kazi na kabila, kisha hukoma. Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya wengi wa wajukuu wa watu hawa, si lugha ya kuzitafutia.

Hata tahajia ni kikwazo. Maandishi ya Kijerumani ya siku zile yaliandika Madschame kwa Machame, Dschagga kwa Chaga, Unjamwesi kwa Unyamwezi, na mtafutaji aandikaye kwa herufi za leo huweza kuambiwa kwamba hakuna kitu, na kumbe picha zipo. Orodha ya majina ya mahali kwa tahajia zote mbili si kazi ya miaka. Mwanafunzi mmoja aweza kuimaliza katika muhula. Majina ya watu yataka kazi nyingine. Vitabu vya ubatizo vya sharika za zamani vina majina na tarehe, na pale ambapo picha ina mwaka na mahali, viwili hivyo vyaweza kulinganishwa. Zaidi ya hapo lazima ziulizwe nyuso kwa wale wanaozijua, na picha ichapwe, ipelekwe nyumbani, iwekwe mezani. Waliozaliwa katika miaka ya 1930, ambao wamewaona kwa macho yao wazee waliosimama mbele ya kamera kabla ya vita vya 1914, sasa wamekwisha kupita miaka themanini na tano.